Megapikseli ngapi zinatosha? Namna ya kuchagua apareyi ya foto bila kudanganywa na namba ya ku karto

Wiki zenye zilipita nilikuwa mu ndoa moja hapa Goma, mu sale moja upande wa Himbi, niko napanguza objektifu yangu (kile kioo cha mbele ya apareyi) kabla maarusi hawajaingia, kijana mumoja ndugu ya bwana arusi akanikaribia, akaangalia apareyi yangu juu mpaka chini kiisha akaniuliza: "Yaya, hiyo yako iko na megapikseli ngapi?" Nikamujibu kumi na mbili. Akacheka! Akatosha telefone mu mufuko, "ya kwangu iko na 108", alafu akaenda kusimulia ku meza ya wamama eti wameita mutu wa apareyi ya zamani. Mi nikanyamaza nikaendelea na kazi. Saa ya kukata gato wakazimisha taa kubwa, zikabakia paka zile taa za rangi za didje, na mbele ya kurudi nyumbani ni yeye mwenyewe alikuja polepole, "yaya, uko na foto ya mama akiwa anacheza? za kwangu zote zimetoka uji".

Nikamupatia. Apareyi yangu ni Nikon D700, ilitoka 2008, njo hiyo ya zamani yenye alikuwa anacheka.

Ju kila mwezi kuko mutu mwenye ananiuliza "ninunue ya megapikseli ngapi", leo naandika yote fasi moja, na utanivumilia kama nazunguka kidogo, mi ni mutu wa foto siko mwandishi.

Hesabu ya mukeka

Chukua mukeka. Hesabu nyuzi zenye zinapita kwa urefu, hesabu zenye zinakatiza, uzidishe moja kwa ingine, utapata idadi ya vile viraka vidogo-vidogo vyote vya mukeka. Foto ya apareyi ya namba ni vile vile, viraka vyake njo pikseli. Apareyi yenye inatoa foto ya pikseli 6000 kwa urefu na 4000 kwa upana, uzidishe, unapata milioni 24, njo wanaandika ku karto megapikseli 24. Mega ni milioni tu, hakuna uchawi.

Sasa mutego uko hapa. Mutu anaona 12 na 24 anawaza ya pili iko mara mbili. Haiko vile, ju mukeka unakua pande zote mbili kwa mara moja. Foto ya D700 yangu iko na pikseli 4256 kwa urefu, ya megapikseli 24 iko na 6000, ile tofauti ku upande ni kama asilimia 40 tu. Ukitaka foto yenye iko mara mbili kweli kwa urefu na kwa upana unapaswa kuruka mpaka 48. Na kati ya 18 na 24, fasi watu wengi wanatia dolari zao zote, tofauti ni 5184 na 6000, haifike hata asilimia 17, tosha foto mbili za hivyo ku karatasi, uzibandike ku ukuta mbali kidogo, uite fundi yeyote akuambie ni gani ni gani, atabahatisha.

Foto itaishia wapi?

Hili njo swali la kwanza, kabla hata ya kuuliza bei. Kama foto zako zinaenda ku WhatsApp na ku Facebook, hesabu yako ni ndogo sana, ekra ya televizio ya Full HD iko na 1920 kwa 1080, yaani megapikseli mbili na vidogo, basi. Hata televizio ya 4K ni megapikseli 8 na kidogo. Zinazobaki zote ekra inazitupa.

Kama unatosha ku karatasi, watu wa labo wanahesabu pikseli 300 mu kila inchi, na inchi ni sentimeta 2.54, hiyo ni kwa foto yenye mutu anashika mu mukono na kuangalia karibu. Kwa ile ya kawaida ya 10 kwa 15, unahitaji 1200 kwa 1800, megapikseli mbili. Ile ya 13 kwa 18 inaomba tatu na kidogo. Foto ya 20 kwa 30, yenye wazazi wanatia mu kadre ku saloni, inaomba 8 na kidogo, na karatasi ya A4 ni hapo hapo. Ukipanda ku 30 kwa 45 sasa hesabu ya 300 inakuambia 19, lakini foto ya ukubwa ule hakuna mutu anaiangalia na pua imegusa kioo, pikseli 200 mu inchi inatosha na inarudi tena kwa 8 na kidogo. Nimetosha za 30 kwa 45 nyingi na hii 12 yangu, hakuna mama mwenye alinirudishia.

Na mabashe, yale makubwa ya matangazo? Watu wanawaza hapo njo unahitaji megapikseli 100. Kumbe kadiri foto inakuwa kubwa njo mutu anasimama mbali. Bashe la metre moja, kwa pikseli 100 mu inchi, linaomba pikseli 3937 kwa upana, 12 yangu inafika na inabakisha. Bashe la metre tatu, pikseli zangu zinakuwa 36 mu inchi, ukiikaribia utaona viraka, ni kweli, lakini mutu mwenye anapita juu ya pikipiki ku rond-point Chukudu hatasimama azihesabu, yeye anaangalia asigongwe.

Kwa hiyo kama kazi yako ni ndoa, ubatizo, kumbukumbu za familia, foto za pasipoti, 12 zinatosha na unabaki na akiba. Chukua 16 ao 18 ao 20 ao 24 kama njo yenye umepata, haina shida, ila usiongeze dolari hata moja ju ya hiyo namba peke yake.

Mvua na bati

Hapa Goma tunajua maji, si ndiyo? Mvua ikinyesha, mwenye nyumba ya mabati makubwa anajaza pipa, mwenye kibanda anajaza bidoni nusu. Idadi ya vikombe vyenye umepanga chini ya bati haibadilishe kitu, panga vikombe 12 ao panga 108, maji ni yale yale yenye bati limekamata, unayagawanya tu. Mu apareyi, mwanga njo mvua, pikseli njo vikombe, na bati linaitwa kapteri, ile sahani ndogo yenye iko nyuma ya objektifu. Ukubwa wa kapteri njo namba yenye unapaswa kuuliza, na haiandikwe ku karto kwa herufi kubwa, ju ingeuaibisha apareyi nyingi.

Angalia vile zinapitana. Kapteri kubwa, ile wanaita full frame, ni milimeta 36 kwa 24. Zile apareyi nyingi zenye tunaona hapa mujini, Canon na Nikon za bei ya kati, ziko na kapteri ya APS-C, Nikon 23.5 kwa 15.6, Canon 22.3 kwa 14.9, chini ya nusu ya ile kubwa. Alafu zile ndogo za mufukoni, mingi yao iko na kapteri ya milimeta 6.2 kwa 4.6 hivi. Piga hesabu ya eneo: ile kubwa ni milimeta mraba 864, ile ndogo ni 28. Mara 30! Ni kama uweke bati la kanisa kando ya mwavuli.

Njo maana mu sale yenye giza, mu kanisa mangaribi, mu nyumba yenye koro ya umeme imekatika mumewasha buji, kapteri ndogo inashindwa. Maji ni kidogo, vikombe ni vingi, apareyi inaanza kuongeza nguvu ya umeme ili foto ionekane na pamoja na foto inaongeza uchafu, ile michanga-michanga ya rangi ku nyuso, kiisha programu ya ndani inajaribu kuipanguza ile michanga na inapanguza na ngozi ya mutu pamoja, njo unapata ule uji. Nywele za kusuka zinakuwa kofia. Na ngozi yetu nyeusi kando ya robe nyeupe, hiyo njo mutihani mukubwa kabisa, kapteri ndogo inachagua upande mumoja, ao robe inaungua inakuwa karatasi nyeupe bila mapindo, ao bibi arusi anakuwa kivuli. Kapteri kubwa inabeba zote mbili mingi zaidi.

Ila nisiwadanganye na mi. Kuko watu wanasema pikseli nyingi zinaharibu foto kila mara, na hiyo pia haiko kweli. Kapteri mbili za ukubwa mumoja, za mwaka mumoja, moja ya 12 na ingine ya 24, ukipunguza foto ya 24 ikuwe ukubwa wa ile ya 12, uchafu unakuwa karibu sawa, ju bati lilikuwa lile lile. Shida ni kwa vikapteri vidogo, fasi kampani zilikuwa zinasukuma namba ili karto ing'ae. Na kampani zenyewe zilijua. Canon walitoa G10 mwaka 2008 na megapikseli 14.7, mwaka wenye ulifuata wakatoa G11 na 10, walirudisha namba nyuma wenyewe juu ya kapteri ya ukubwa ule ule ili usiku foto ikuwe safi. Sony nao, 2013 wakatoa A7R na 36, 2014 wakatoa A7S na 12 tu, kapteri zote mbili ni full frame, ile ya 12 ilikuwa njo ya watu wa giza na wa video. Kama 36 ingekuwa "bora kuliko" 12 wangesumbukia nini?

Mchana, ku mwambao wa ziwa Kivu, jua limepiga, hakuna hata moja ya hizi inaonekana sana. Bati dogo pia linajaza pipa kama mvua ni ya masika. Usijaribu apareyi kwa jua, nitarudi hapo.

Na ile 108 ya telefone?

Kampani haisemi uongo, pikseli ziko 108 kweli. Samsung waliweka hiyo mu S20 Ultra mwaka 2020, ila telefone yenyewe inajua kama vikombe vile ni vidogo sana, basi inavimimina tisa-tisa mu kikombe kimoja, na 108 kugawanya kwa 9 ni 12. Ile ya 200 ya S23 Ultra inamimina 16 kwa moja, unapata 12 na nusu. iPhone walikaa na 12 ku kamera yao kubwa tangu 6s ya 2015 mpaka 13 ya 2021, miaka hiyo yote, na hakuna mutu alikuwa anawacheka ku sale. Na Nokia walikuwa washafanya huu mutindo zamani, 808 PureView ya 2012 ilikuwa na 41 na kawaida ilikuwa inatoa foto ya pikseli chache zaidi ju ya sababu ile ile.

Donki yule kijana wa Himbi alikuwa anapiga foto za 12. Sawa mi. Tofauti yetu ilikuwa bati.

Zile za megapikseli 48 za bei ya viatu

Hapa nazungumuza na uchungu, ju na mi nilidanganywaga. Kabla ya kujua hii kazi nilinunua apareyi moja mupya mu karto, jina lenye sijawahi kuona, wameandika mbele 48 megapikseli na zumu 16, muuzaji akanionyesha ile namba kwa kidole kama mutu anaonyesha stempu ya serikali. Bei ilikuwa chini hata ya objektifu moja ya ukweli. Nikapiga nayo ubatizo wa mutoto wa dada yangu, na mpaka leo ile foto dada anaifungia mu album nyuma ya zingine.

Ile namba inatoka wapi? Ndani wanatia kapteri ndogo ya bei chini ya pikseli chache, kiisha programu inapanua foto kwa nguvu, inabuni pikseli za katikati, ni kama kuongeza maji mu bia ili chupa zikuwe mingi. Fishye (fichier) ya foto inatoka kubwa kweli, ukiangalia ku mashini itakuambia 48, lakini ndani hakuna habari mupya hata moja. Na zumu yake ni ya kukata foto, objektifu haitembei.

Kuitambua haiko nguvu. Piga ukurasa wa gazeti uliobandikwa ku ukuta, fungua foto ku ordinateri, uisogeze mpaka asilimia 100, yaani pikseli moja ya foto ku pikseli moja ya ekra. Kama herufi zimekuwa laini kama zimechorwa na rangi za maji, umepanuliwa. Angalia na objektifu mbele: apareyi ya ukweli inaandika milimeta zake na zile namba za tundu (mulango wa mwanga, namba ndogo njo tundu kubwa), kwa mufano 18-55 na 1:3.5-5.6. Ya uongo inaandika "HD" na "4K" kwa dhahabu.

Pesa inaenda ku objektifu

Kama umenielewa mpaka hapa, unajua una dolari zenye umebakisha kwa kukataa megapikseli za bure, na unazitia wapi? Ku jicho. Objektifu yenye inakuja na apareyi, ile 18-55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake linakuwa 5.6. Objektifu ya milimeta 50 yenye tundu la 1.8, yenye haina zumu kabisa, inaingiza mwanga karibu mara kumi kuliko ile. Mara kumi! Hakuna megapikseli zenye zitakuletea hiyo. Ile ya Canon, 50mm f/1.8 STM, ilitoka 2015 na bei ya kiwanda ilikuwa karibu dolari 125, na kabla yake kulikuwa ingine ya plastiki ya tangu 1990 yenye ukiipata mutumba na kioo safi, chukua. Nikon wako nazo pia, ila uchunge, zile apareyi ndogo za Nikon kama D3200 hazina moteri ndani ya kusukuma objektifu za AF-D za zamani, kwa hizo tafuta yenye imeandikwa AF-S (iko na moteri yake ndani) ao sivyo utakuwa unazungusha na mukono mu ndoa ya watu.

Kwa ndani ya sale ukiweka 50 kwa APS-C utaona inakaribisha sana, utapaswa kurudi nyuma mpaka ku mulango, ni kweli, njo kasoro yake. Kwa kikundi cha familia tumia 18-55 na flashi. Kwa uso wa bibi arusi tumia 50. Vitu viwili hivyo na mwili wowote wa 12 kupanda, umemaliza kazi mingi za mji huu.

Namna ya kujaribu mbele ya kulipa

Apareyi mingi hapa ni mutumba, zimepita kwa mikono ya watu, zingine zimevuka barrière mara ngapi sijui. Usinunue kwa kuangalia ekra ya nyuma, ile ekra ndogo inafanya kila foto ikuwe nzuri. Kwenda na karti yako mwenyewe, na kama unaweza kwenda na mutu mwenye laptop.

Omba muuzaji aingie na wewe mu fasi yenye giza kidogo, nyuma ya duka, hata chini ya meza. Weka ISO (ile nguvu yenye apareyi inaongeza mu giza) 1600, piga kitu chenye maandishi, piga na uso wa mutu. Kiisha piga mara ya pili ISO 3200. Utazifungua nyumbani ao ku laptop kwa asilimia 100, na hapo njo unaona bati lako linakamata maji namna gani. Piga tena gazeti ku ukuta na uangalie kona nne, kama kona moja ni uji na zingine ni safi, objektifu ilianguka siku moja na hawakuambie.

Funga kifuniko cha objektifu, piga foto ya giza tupu sekunde kadhaa, ukiona vinukta vya rangi nyekundu ao buluu vinang'aa ni pikseli zenye zinawaka peke yake, moja mbili si kitu, kundi ni shida. Piga mbingu na tundu limefungwa mpaka 16, utaona madoa meusi ya vumbi ku kapteri, na hapa kwetu na hii vumbi nyeusi ya volkano hakuna apareyi isiyo na yake, inapanguzwa na fundi, usikatae apareyi ju ya hiyo, ila tumia kupunguza bei hahaha. Washa taa ya telefone, umulike ndani ya objektifu kutoka nyuma, ukiona kama nyuzi za utando wa buibui, ni uyoga, acha, hata kama ni bure.

Na uulize imepiga mara ngapi. Kwa Nikon ile hesabu inajificha ndani ya fishye ya foto na programu za bure zinaisoma. Kwa Canon mingi ni ngumu kidogo, inaomba waya na programu. Nikon walipima pazia (lenye linafunguka na kufunga kila foto) la D90 kwa mara 100,000, la D700 kwa 150,000. Haimaanishe siku ya 100,001 inakufa, ni kama kilometa za motokari, ila mutu mwenye anakuuzishia "mupya kabisa" yenye imepiga 140,000 umujue.

Saa gani zinahitajika kweli

Kuko kazi zenye mi mwenyewe natamani 24 na kupanda. Mpira ku Stade de l'Unité, mi niko pembeni na objektifu ya 200, muchezaji yuko ile upande ingine, nitakata foto nibakishe robo yake tu, na robo ya 12 ni 3 wakati robo ya 24 ni 6. Ndege na wanyama wa pori vile vile. Mutu wa mitindo mwenye anatosha vitenge na anataka uzi uonekane, naye ana haki. Mutu wa michoro na ramani pia.

Lakini ujue unalipa mara mbili. Fishye ya JPEG ya 24 ni kama mega 10, ile ya RAW (foto mbichi yenye apareyi haijatengeneza) inafika mega 25 ao 30 kwa foto moja, ndoa moja ya foto elfu moja kwa RAW imekula giga karibu 30. Sony A7R IV ya megapikseli 61, RAW yake bila kubana ni karibu mega 120. Utanunua karti kubwa, disku mbili ju moja itakufa, na mashini yenye nguvu, na koro ikikatika katikati ya kukopya utalia. Na pikseli nyingi zinaonyesha kila mutikisiko wa mukono, ile foto yenye ku 12 ilionekana imetulia ku 61 unaona mukono ulitetemeka.

Mbele ya kununua ingine, angalia menu

Watu watatu ao wane walinijia wanalalamika apareyi yao imechoka, wanataka yenye megapikseli mingi, nafungua menu nakuta ukubwa wa foto uko ku S, ile ndogo. Kwa Nikon D3200 ya 24, L inatoa 6016 kwa 4000, S inatoa 3008 kwa 2000, hiyo ni 6. Ulinunua 24 unapiga 6 mwaka mzima! Weka L, na upande wa ubora weka Fine, usiache ku Basic.

Na WhatsApp ikitumiwa kama foto ya kawaida inapunguza ile foto yako mpaka karibu pikseli 1600 kwa urefu, kiisha inaibana, kwa hiyo kiliya akikuambia "foto yako haina kali" mara mingi anaangalia kazi ya WhatsApp. Mutumie kama dokima, fishye inapita mzima mzima.

Juzi kijana mumoja wa Majengo alikuwa na dolari za kununua moja kati ya mbili, Canon 2000D ya megapikseli 24, karibu mupya, ao Canon 1300D ya 18, mutumba, objektifu ni ile ile. Alikuwa ashachagua 24 mbele ya kuniuliza. Nikamuuliza unatumia flashi gani, akanionyesha flashi ya kichina na vile vidude vya kuiwasha kwa mbali vya mu studio. Nikamuambia angalia juu ya apareyi, fasi flashi inaingia. 1300D iko na ule musumari mukubwa wa katikati, 2000D waliutoa, kwa hiyo flashi zisizo za Canon zenye zinategemea ule musumari haziwake. Ekra za zote mbili ni inchi tatu, kapteri ukubwa mumoja. Alirudi duka akaingiza kidole pale juu akahakikisha, akachukua ile ya 18, na dolari zenye zilibaki alinunua 50mm.